Perege wa Pezi Moja

Kwa miaka mingi watu wazuri wamenishauri nisamehe, na kwa kweli nimesamehe wengi. Nimemsamehe aliyeniibia baiskeli. Nimemsamehe daktari aliyening'oa jino zima akaliacha bovu. Mmoja tu nimembakiza, kama mtoto anayekibakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani ili akile mwisho, na leo nimeamua kukila.

Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya sekondari nilikofundisha baiolojia, upande wa bara wa mji wa Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sote tulimwita Naibu, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alifundisha jiografia. Alikuwa na sauti nzito, viatu vinavyong'aa hata wakati wa vumbi, na mashine yake mwenyewe ya kupigia chapa. Mimi nilikuwa na shahada mbichi ya chuo kikuu, na imani kwamba dunia ilikuwa imekaa kimya ikingoja kunisikia.

Mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka shuleni palikuwa na ziwa dogo la maji baridi. Halikuwa ziwa la kujivunia. Mto Sabaki ukifurika, maji mekundu yaliingia kwa mfereji mmoja na kuleta samaki. Mto ukishuka, ziwa lilibaki peke yake na wageni wake, likipungua wiki baada ya wiki hadi msimu mwingine. Perege walikuwamo, na kambare, na mara moja moja mkunga. Jumamosi nilikwenda huko na ufito, mshipi na mkebe wa minyoo. Nilijiambia kwamba nafanya utafiti. Aghalabu nilikuwa nasinzia.

Siku moja akaja shuleni meneja wa hoteli moja ya ufuoni, Mzungu aliyejifunza Kiswahili jikoni kwa wapishi wake. Alieleza kwamba wageni wake matajiri walikwenda baharini kuwinda sulisuli, lakini wengine walitapika kabla ya kuvuka mwamba. Hao walitaka maji yaliyotulia. Je, ziwa lile lina samaki wa kutosha? Mtu akija na ndoana yake, atarudi hotelini na furaha au na matope tu? Alitaka ripoti. Na wenye hoteli, ng'ambo huko, walikuwa tayari kumlipia mwandishi wa ripoti nzuri mwaka mzima wa masomo ya samaki katika nchi yao.

Nilitaka mwaka ule kama mgonjwa anavyotaka maji. Nilishajiona nimevaa koti zito, nimesimama mbele ya jengo la mawe, napigwa picha ya kumpelekea mama.

Nikaanza kazi kwa namna nilivyofundishwa chuoni. Unavua samaki, unawatia alama, unawarudisha majini. Kisha unaangalia wale wanaovuliwa na watu baadaye: wenye alama ni wangapi? Wakiwa wengi, ziwa lina samaki wachache. Wakiwa adimu, basi samaki wako wamemezwa na umati wa wenzao, na ziwa limejaa.

Migono ya kuvulia niliazimwa na mama mmoja Mgiriama, mkubwa wa wanawake waliovua pale. Mgono ni mtego wa fito zilizosukwa. Samaki huingia asijue pa kutokea. Mwezi mzima niliketi ukingoni na makasi ya kucha, nikimkata kila perege pezi la tumbo la kushoto na kumrudisha. Wanawake walisimama wakanitazama kwa heshima kubwa. Nilidhani wanaheshimu sayansi.

Miezi miwili iliyofuata, kila Jumamosi nilikagua vikapu vyao. Samaki wote walikuwa na mapezi kamili. Mwenye alama sikumwona, ila wawili tu, na wote wawili kwenye kikapu cha bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho, ambaye wote walimwita hawe, yaani nyanya. Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu, nikaipiga tena, jasho likanitoka kwa furaha. Kwa hesabu yangu, ziwa lile lilikuwa na samaki wengi kuliko maji.

Niliandika ripoti kwa mkono na kumpelekea Naibu, kwa sababu barua za shule zilipita kwake na kwa sababu alikuwa na mashine ya chapa.

"Acha niipitie, kijana," alisema. "Nyinyi wa chuo kikuu mna mawazo mazuri ila hamjui kuandika barua."

Akaipitia vizuri sana. Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alisimama mbele ya walimu na kumpongeza Naibu kwa utafiti wake wa ziwa. Nakala ilizungushwa mezani. Maneno yalikuwa yangu, hata lile kosa langu la tahajia ukurasa wa pili. Jina lilikuwa lake. Sehemu ya makasi na mapezi alikuwa ameiondoa. Nadhani hata hakuisoma; aliona ni ndefu na haina heshima.

Nilimfuata koridoni. "Naibu, ile kazi ni yangu."

"Kazi ni ya shule," akasema, akinipangusa vumbi begani ambalo halikuwapo. "Wewe bado mdogo. Nikirudi kutoka ng'ambo nitakukumbuka. Na usikasirike, nimekupangia kitu. Wageni watakuja kuvua kwa majaribio, na meneja anataka mtu anayejua minyoo."

Ndivyo alivyosema. Mtu anayejua minyoo.

Jumamosi ile nilikwenda ziwani kwa hasira, si kuvua bali kupigapiga maji kwa ufito. Yule mama wa migono alikuwa ndani ya maji mpaka magotini. Aliinua mtego mmoja, akachungulia, akaanza kutoa samaki na kuwatupa ziwani mmoja mmoja. Alibakiza wawili tu.

"Mama, mbona wawatupa?"

"Ni wako hawa." Alinyoosha mgongo. "Mwalimu, nikwambie kweli, samaki wako sasa watuchosha. Maji yamepungua, mgono mzima waupandisha ni wako watupu. Twatoa, twarudisha. Twatoa, twarudisha. Siku nyingine twarudi nyumbani na sima peke yake."

"Wangu vipi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mwanafunzi mzito. "Si umewakata? Mbuzi akikatwa sikio ni mbuzi wa mtu. Hata akila shambani kwako, wamfukuza, humchinji. Sisi si wezi, mwalimu. Ni yule hawe tu, macho yake hayaoni, akala wawili wako. Alikuja kwangu analia, ati nimuombee radhi. Niliona haya kukwambia."

Niliketi kwenye tope na suruali yangu ya kazini. Kila kitu kilipangika kichwani kwa mpigo. Samaki wangu hawakuwa wamepotea katika umati. Walikuwa wamelindwa. Wale wasio na alama ndio walioliwa, siku kwa siku, na sasa ziwani walibaki karibu wangu peke yao, wanaozunguka bila wasiwasi kama mbuzi wa chifu. Ripoti ilikuwa upuuzi mtupu, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Na haikuwa na jina langu.

Sijui kama umewahi kuona jambo zuri likitokea mbele yako polepole. Nilianza kucheka.

"Basi sasa wataka tufanyeje?" mama akauliza. "Tuwale, au tuendelee kuwaacha?"

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba nilisita. Sikusita. Wakianza kuliwa, siku ya wageni ziwa lingekuwa tupu, na ziwa tupu lina visingizio vingi: jua, upepo, mwezi. Mimi nilimtaka Naibu akiwa na samaki mkononi.

"Waacheni kwanza," nikasema. "Wiki tatu tu."

"Haya. Ni mali yako," akasema, akashusha mgono.

Sijawahi kuchimba minyoo kwa mapenzi kama nilivyochimba usiku wa kuamkia siku ile. Niliichagua minene, nikaifunika kwa udongo wenye unyevu, nikaibeba kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Wageni walikuja wanane kwa gari la hoteli, na fimbo zenye magurudumu ya kuzungushia uzi, na viti vya kukunja. Naibu alivaa kofia ya turubai iliyonunuliwa kwa ajili ya safari ya ng'ambo.

"Msomi! Chambo kiko wapi?" akaita, wote wasikie. "Mpe mama yule. Si hivyo, mtilie kwenye ndoana, kwani mikono yako imesomea nini?"

"Ndiyo, Naibu," nikasema. Nilipiga magoti kwenye nyasi na kutia minyoo ndoana ya kila mgeni, kwa unyenyekevu ambao leo nikiukumbuka naona haya kidogo, lakini kidogo tu.

Kufikia saa nne walikuwa wamepata samaki kumi na mmoja, wote perege. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesimama ng'ambo ya maji na vikapu vyao, wakitazama kila samaki anayetolewa, na manung'uniko yao yalikuwa yakipanda.

Meneja akampindua perege mmoja. Akampindua wa pili, na wa tatu. "Bwana Naibu, sababu gani samaki yote hapana pezi hapa?"

Naibu akachungulia. Mtu mwingine angesema sijui. Naibu hakuwahi kusema neno hilo tangu aajiriwe.

"Hiyo ndiyo sifa ya ziwa letu," akasema kwa sauti yake nzito. "Ni jamii ya pekee. Perege wa pezi moja. Huwapati mahali pengine popote. Ni kwa sababu ya, eeh, mwelekeo wa maji."

Meneja akatoa kijitabu akaandika. Nilitazama miguu yangu ili uso wangu usinisaliti. Lakini miongoni mwa wageni kulikuwa na mwanamke mzee mwenye kofia ya ukindu, aliyekuwa fundi cherehani maisha yake yote. Alimchukua samaki, akapitisha kidole mahali palipokatwa, akasema jambo kwa lugha yao.

"Mama sema hii makasi," meneja akasema. "Sema yeye najua makasi."

Hapo yule mama wa migono hakuweza tena kujizuia. "Rudisheni hao!" sauti yake ikavuka maji. "Hao wana mwenyewe!"

"Mwenyewe nani?" Naibu akafoka.

"Si huyo hapo na mkebe wa minyoo! Ni samaki wa mwalimu! Aliwakata mwenyewe, mmoja mmoja, sote twashuhudia! Mwageni majini, hamna haya? Watu wazima na magari yenu, mwala mali ya mwalimu!"

Wote wakanigeukia. Meneja alinitazama, akautazama mkebe, akamtazama Naibu. Hakuwa mjinga.

"Ripoti ya nani?" akaniuliza.

Nilikuwa nimelingoja swali hilo wiki tatu, na lilipofika ndipo nilipoona kwamba lina ncha mbili. Ningeweza kusema ni yangu, na kijiji kizima kingeshuhudia. Lakini ripoti ilisema ziwa limefurika samaki, na mbele yetu palikuwa na watu wanane walioketi juani asubuhi nzima wakivua mbuzi wangu wa majini. Kuidai kazi ni kuudai upumbavu wake. Koti zito na jengo la mawe vilipita mbele yangu, vikaniaga.

"Ya Naibu, bwana," nikasema. "Jina lake lipo juu. Mimi najua minyoo tu."

Naibu alinitazama, na nilihakikisha ananiona ninavyotabasamu.

Mchana huo aliwapeleka wageni Marafa wakaone korongo, ili wasirudi hotelini mikono mitupu. Haikumfaa kitu. Meneja hakurudi tena, na ng'ambo hakwenda mtu. Shuleni habari ilifika kabla ya gari. Wanafunzi walianza kumwita Pezi Moja, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwenye kuta za choo kwa makaa. Kabla ya mwaka kwisha aliomba uhamisho, akapelekwa Kaloleni. Nilimbebea sanduku hadi kituoni. Nilitaka kuona linavyopakiwa.

Sijutii hilo. Nimejaribu, hasa wakati wa Ramadhani majirani zangu wanapoombana radhi, lakini haliji.

Linalokuja ni jingine. Jioni ya siku ile wageni walipoondoka, nilizunguka ziwa hadi kwa mama wa migono nikamwambia, kama mtu anayetoa zawadi, "Sasa waleni. Wote ni wenu."

"Sasa?" akasema. Alikuwa anaanua migono na kuirundika ukingoni. Akanionyesha mfereji: ulimi mwekundu wa maji ulikuwa umeshaanza kuingia. Mvua zilikuwa zimenyesha huko juu bara. Siku mbili baadaye Sabaki ilipanda, ziwa na mto vikawa kitu kimoja, na samaki wangu wakatoka na pezi lao moja kwenda walikokwenda. "Wiki tatu zile ndizo tulizokuwa na njaa, mwalimu," alikuwa amesema jioni ile, bila hasira, huku akiendelea na kazi.

Nilikwenda kwa yule hawe mwenye mtoto wa jicho, angalau yeye nimwondolee mzigo.

"Shikamoo, hawe. Wale samaki wawili, huna deni lolote. Wewe peke yako ndiye uliyefanya nilivyotaka."

"Marahaba." Alifikiri kidogo. "Basi niletee wa tatu."

Nilikaa juani siku nzima kwenye yale maji mekundu, na mwisho nikapata kambare mmoja. Nilimpelekea. Alimpokea kwa mikono miwili, akamlaza magotini, na kabla ya kusema ahsante akampapasa tumboni kwa vidole, pezi la kulia, pezi la kushoto, kuhakikisha si wa mtu.