Nilivyomchagulia baba mkwe bastola ya upepo bila kumuuliza habari za mkono wake

Wakuu, salaam kwenu, hasa mlioko ofisini hata Jumamosi mkijifanya mna kazi nyingi.

Simulizi hii mke wangu ameisoma kabla sijaipandisha. Amefuta uongo sehemu mbili, na sehemu moja amesema nimejipendelea. Kilichobaki ni kweli, na pale nitakapoonekana mjinga ndipo pa kweli zaidi.

Niko Brussels, commune, yaani manispaa, inaitwa Ganshoren. Wanaopajua watacheka. Ni mtaa wa wastaafu na mbwa wadogo, ikifika saa moja jioni unasikia friji ya jirani inavyonguruma.

Kwangu ni peponi. Mimi ni mtu wa ndani. Elimu yangu form four, kazi yangu kupiga pasi mashuka ya hoteli, starehe yangu kochi. Nikitoka kazini simtafuti mtu, na anayenitafuta anajua pa kunikuta.

Mke wangu Béa ni Mkongomani wa Lubumbashi. Mwaka 2012 baba yake, mzee aliyefiwa na mkewe miaka mingi iliyopita na aliyekuwa akiishi peke yake huku huku Brussels, alipata kiharusi. Alipotoka hospitali akaja kukaa kwetu.

Akakaa kwenye kochi. Kochi langu. Upande wangu.

Sasa wenye malezi ya kwetu mnanielewa. Mkwe si mtu wa kusukumana naye kwenye kochi. Mkwe humtanii, humdadisi, hata kukohoa unakohoa kwa adabu. Nikahamia kiti cha plastiki cha jikoni, nikawa naangalia TV yangu mwenyewe kwa pembeni kama nimekuja kufunga dishi.

Lakini utani pembeni. Mzee alikuwa na hali mbaya, na si ya mwili tu.

Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia. Mguu ulikuwa unavuta kidogo ila unatembea. Zamani Papa, ndivyo tunavyomwita, alikuwa mtu wa Matonge, mtaa wa Wakongomani hapa Brussels. Kila Jumamosi yuko kwa kinyozi, hanyolewi, anaongea. Sasa Jumapili ya kwanza tukampeleka kanisani. Kwao kama kwetu, salamu ni mkono wa kulia. Ukimpa mtu wa kushoto umemtukana. Watu wakawa wanamjia mikono imenyooshwa, wa kwake unaning'inia.

Mama mmoja, kwa mapenzi kabisa, akauokota ule mkono pale ulipokuwa, kama mtu anayeokota glovu, akautikisa yeye mwenyewe huku analia.

Papa hakutoka tena nyumbani baada ya siku ile.

Miezi mitatu. Dada wa mazoezi ya viungo aliyetumwa na hospitali alikuja, akatuambia wazi jikoni: huyu asipotoka akatembea na kusimama, mguu nao utakwenda njia ya mkono. Béa akimbembeleza, jibu ni moja: "Bon," yaani sawa. Halafu anaendelea kukaa.

Siku moja niko kwenye plastiki yangu, yeye kwenye kochi langu, TV inaonesha mashindano ya kulenga shabaha. Wanaume na tumbo zao wamesimama wima, bastola mkono mmoja, wanapiga kikaratasi mita kumi. Nikawa natafuta rimoti nibadilishe.

Papa akasema, "Waache. Angalia, beau-fils. Bote banaweka mukono moja mu poche."

Beau-fils, yaani mkwe, ndiye mimi. Nikaangalia. Kweli, mkono mmoja umenyooka na bastola, mwingine umo mfukoni. Wote.

"Na hakuna muntu anabauliza juu ya nini," akasema.

Wakuu, hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu aje kwetu. Nikaenda jikoni kumwambia Béa. Akaweka kisu chini. Akasema, "Basi mutafutie."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mtu wa ndani mwenye internet ni mtu hatari. Ndani ya siku mbili nilikuwa profesa wa bastola za upepo. Kuna za springi, unaukunja mtutu kwa nguvu kuibana. Kuna za lever, kichuma cha pembeni, unakivuta mara moja kinajaza hewa ya risasi moja. Kuna za vichupa vya gesi, vile vidogo kama vya kutengenezea soda. Na kuna zenye silinda ya hewa iliyojazwa kabisa, ambazo ndizo za hao wa kwenye TV.

Mimi nikanunua ya gesi. Nyeusi, nzito, inafanana na bastola ya kweli mpaka unaogopa. Nilijiambia haimtaabishi mzee, unabonyeza tu inatoka. Ukweli, na hapa ndipo Béa alipofuta uongo wa kwanza, ni kwamba niliitaka mimi tangu nikiwa na miaka tisa.

(Kabla hamjaniletea sheria: hapa mtu mzima anaruhusiwa kununua hizi za nguvu ndogo bila kibali, ila unaibeba kwenye boksi lake, tupu, na huionyeshi njiani. Sheria hubadilika, ulizeni dukani, msiulize mpiga pasi.)

Nikaiweka mezani, nikafungua boksi kama naonesha keki.

Papa akaitazama akasema taratibu, "Hii ni ya kutishia bantu."

Béa akasema, "Ile kintu hailale mu nyumba yangu."

Nilikuwa nimemuoa miaka sita na sikuwa najua kuwa akiwa mdogo, Lubumbashi, wanaume waliingia kwao kupekua, na mmoja aliilaza bastola mezani kando ya mkate akaendelea kula. Hilo ni lake, sitaliongezea. Jioni ile ile nikairudisha. Muuza duka aliniangalia kama mtu anayerudisha chupi.

Mngetegemea nimejifunza. Sikujifunza.

Ya pili niliipata kwenye tangazo, mkono wa pili, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Hiyo haikufanana na silaha, ilifanana na drili ya fundi. Mpini wa mbao umechongwa unafuata kiganja, mtutu mrefu, mashine safi kabisa ya lever. Nikaishika, mkono ukaingia kama slipa ya nyumbani. Nikanunua.

Mmeshaona? Mkono ulioingia ni wangu. Wa kulia.

Nyumbani nikaweka boksi la kadibodi mwisho wa korido, nimejaza magazeti na nguo kuukuu ndani, karatasi ya shabaha mbele. Béa nikamwambia asifungue mlango wa chumbani. Papa akainuka kwenye kochi bila kushikwa. Amevaa shati la kutokea.

Akaishika kwa mkono wa kushoto. Ule mpini wa kuchongwa ukamkataa, kila uvimbe wa mbao uko upande usiofaa. Ni kama kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Akajaribu kuvuta lever. Lever inataka mikono miwili, mmoja ushike, mmoja uvute, na inataka nguvu. Akaibana bastola katikati ya magoti. Ikateleza. Akaibana tena. Ikateleza.

Mara ya tatu mimi, mtu wa huruma, nikaichukua mikononi mwake, nikaivuta, nikaweka kijirisasi, nikamrudishia. Nikasema, "Pole, Papa. Hii nitakuwa nakusaidia mimi."

Akaitazama. Akaiweka kwenye kabati la viatu polepole sana, mtutu ukielekea ukutani, akasema, "Asante, beau-fils." Akaenda chumbani kwake.

Siku nne alikula huko huko chumbani. Kochi lilikuwa tupu na sikuweza kulikalia.

Béa aliniuliza usiku wa pili. "Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Mukono."

Nikamwambia, mke wangu, yule ni baba mkwe. Nianzie wapi kumuuliza mtu mzima habari za mkono wake uliokufa? Kwetu hata bibi yangu asingethubutu.

Akasema, "Weye unajua mambo ya bar ya hewa, ya gramme, ya millimètre. Lakini mukono ya muntu munakula naye kila siku, ile haujue."

Nikaenda kuirudisha ile bastola kwenye boksi lake.

Kwenye boksi la ile bastola kulikuwa na kikadi cha klabu. Nikapiga simu kwa Kifaransa changu cha kufulia, mama wa upande wa pili akaelewa nusu, akasema njooni Jumamosi asubuhi.

Papa angekubali vipi kutoka? Béa akamwendea na ukweli mtupu: "Papa, bwana yangu amenunua kintu mubaya, anaenda kuuliza, na Kifaransa yake unaijua." Papa akafikiri. Akaomba koti.

Alitoka nyumbani kunisaidia mimi. Kama mtu mzima anayemsindikiza mpumbavu wa familia.

Klabu iko chini ya ukumbi wa michezo, basement, meza ndefu na taa kule mwisho. Aliyetupokea ni mama wa Kibelgiji wa miaka sabini na kitu, Maman Godelieve. Aliposikia sisi wawili tunanong'onezana akaingilia kati kwa Kiswahili. Kiswahili cha Katanga, wakuu, cha Papa kabisa. Alikuwa nesi kule Kamina, Kongo, enzi za ujana wake.

Hakutoa mkono. Alimtazama Papa juu mpaka chini kama nesi anavyotazama, akauliza, "Papa, mukono gani njo inafanya kazi?"

Nikatamani sakafu ipasuke. Hivi hivi, mbele za watu.

Papa akauinua ulio mzima. "Ya kushoto."

"Na hii ingine? Ilikufa yote, ao kuko vidole vinashika?"

"Viwili," Papa akasema. "Hiki na hiki. Vinashika kidogo, kama kintu si kizito."

Nikageuka kumtazama. Vidole viwili. Tumeishi miezi mitatu sebule moja na sikuwa najua.

"Unaweza kusimama dakika kumi?"

"Kama huyu hanishike-shike mabega, naweza."

"Huyu ni nani? Garde yako, mulinzi?"

"Ni bwana ya mutoto yangu. Anapenda kusaidia."

Alivyolitamka hilo neno la mwisho nililielewa mpaka kwenye mifupa.

Maman Godelieve akaenda kabatini akarudi na moja ya zile za silinda, hewa imejazwa tayari. Mpini wa kushoto. Akaongeza kiegemeo chenye sponji cha kulazia bastola mezani. Lever yake ni nyepesi, ya kusukuma kwa kidole.

Halafu akamwonesha mara moja tu: ilaze hapa, vile vidole viwili viizuie isitembee, kushoto ifungue, iweke kijirisasi, ifunge. Kisha mkono wa kulia uende zake mfukoni, kushoto inyanyue.

Kijirisasi ni kidogo kama punje ya mtama. Cha kwanza kikadondoka. Cha pili kikadondoka. Mimi huyo nimeshanyanyuka.

"Weye, kaa," akasema Maman Godelieve bila kugeuka.

Nikakaa. Nikakalia mikono yangu, si kwa mfano, niliikalia kweli. Dakika tano nzima za kijirisasi kimoja. Vile vidole viwili vilikuwa vinatetemeka lakini bastola haikutembea.

Kikaingia. Akafunga. Mkono ukaenda mfukoni. Akapiga.

Karatasi haikuguswa popote. Wala kwa risasi ya pili. Ya tatu ikatoboa pembeni kabisa, ya nne vilevile. Ya tano ikaingia kwenye duara jeusi. Alama saba.

Nilisubiri acheke. Akatazama ile karatasi kama anatafuta kosa la hesabu, akasema, "Beau-fils, lete karatasi ingine."

Tukakaa mpaka walipotaka kufunga. Tuliipata yetu baadaye kupitia klabu hiyo hiyo, imetumika lakini nzima, mpini wa kushoto, na silinda tunaijazia pale pale. Ile ya mpini wa kulia nilimuuzia kijana wa klabu. Béa akaikubali hii mpya ndani ya nyumba, kwenye sanduku lake lenye kufuli.

Lakini nilichotaka kuwaambia kilitokea siku ile ya kwanza, kituoni, tunasubiri basi la kurudi. Nimejipanga dakika kumi nzima. Basi nikaona linakuja, nikasema kwa haraka nisije nikaghairi:

"Papa, huo mkono. Huwa unauma?"

Nilidhani atanyamaza, au atasema bon. Akapanda, akakaa, akaipigapiga siti ya pembeni yake nikae. Akaanza. Kwamba hauumi, unakuwa baridi. Kwamba usiku anausahau, akigeuka unabaki nyuma anaamka akidhani kuna mtu kitandani. Kwamba ile asubuhi ya kiharusi alikuwa anafunga vifungo vya shati. Alijibu basi zima, akajibu kwenye ngazi, na tulipofika mlangoni alikuwa hajamaliza, tukasimama pale na makoti yetu mpaka Béa akatufungulia akidhani tumepoteza funguo.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Adabu ya kutomuuliza mkwe nilidhani ni heshima kwake. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa raha yangu mimi, ya kutolazimika kusikia.

Wenye wakwe ndani ya nyumba, leteni maoni, na wenye matusi pia, nipo kwenye kochi, leo ni Jumamosi, mzee yuko klabu. Na wenye maswali ya bastola karibuni, nitajibu ninachokijua. Ila usianze na ipi nzuri. Anza na nani ataishika.