Maziwa ya Kupeleka Kivukoni

Kila Jumamosi jioni nyumba yetu ilinukia moshi wa mkaa na maziwa, maana bibi yangu Wankuru alikuwa akikifukiza kibuyu. Alitumbukiza kaa la moto ndani, akatikisa, akamwaga majivu, kisha akakinusa mwenyewe kabla ya kunipa na mimi ninuse. "Mke mwenzangu, kesho tunakwenda kwa mume wetu," aliniambia. Mume wetu ni babu, aliyezikwa kando ya lango la zizi huko Kivukoni, mji wa zamani ukingoni mwa Mto Mara, ambako watu wetu walikaa kabla ya kuhamishiwa vijijini. Kule kulikuwa na kuta za mawe zilizojengwa na wazee, kibaraza cha duka la Mwislamu mmoja aliyewauzia kaniki na chumvi, na mwamba uliochongwa mashimo ya bao. Bibi aliipanga siku hiyo kama harusi: nani abebe kuku, tupumzike wapi, viboko tuwatazame tukiwa upande gani wa jabali. Mimi nilikuwa sijawahi kufika, lakini ningeweza kukuongoza usiku wa giza.

Kilichotukwamisha ni baba. Katika ukoo wetu haliingiwi boma lililohamwa mpaka mtoto wa kwanza wa kiume atangulie na maziwa, ayamimine kaburini, ndipo wengine wafuate. Mtoto huyo ni baba yangu, Mwita, na baba alikuwa amechukuliwa na dhahabu. Msimu ule wanaume waliacha mtama ukiliwa na ndege wakaenda kuchimba. Walimu walikwenda, hata fundi cherehani wa mjini Mugumu alikwenda. Baba alirudi mara chache, nywele zimejaa vumbi jeupe, akala, na kabla hajanawa alishaanza kuaga. "Shikamoo mama. Jumapili ijayo. Mwamba umeanza kuonyesha, nikitoka kwenye duara wataingia wengine." Duara ndilo shimo lao. Ninalichukia neno hilo mpaka leo.

Wakati huohuo macho ya bibi yalikuwa yakifunga. Ukungu ulianza pembeni, ukasogea katikati. Alikuwa hasemi kwamba anapofuka. Alisema tu kwamba siku hizi taa zinauzwa mbovu. Baba mdogo Chacha alimwomba, "Mama, nitatangulia mimi, uione Kivukoni ungali unaona." Bibi akamkatalia hapohapo. "Mdogo akitangulia, ni kusema mkubwa wake amekufa. Unataka nimzike Mwita akiwa hai?" Nani angebisha? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi yalituuma msimu mzima. Nilikuwa mtoto, sikuwa na la kufanya ila kunusa kibuyu.

Baba alirudi siku ambayo hakuna aliyemtazamia, akasema tu, "Tunakwenda." Wakati huo bibi alikuwa akishikwa mkono hata kwenda jikoni. Njia nzima alitueleza tutakachokiona. Tulipofika, hapakuwa na ukuta, hapakuwa na kibaraza, na mwamba wa bao ulikuwa umepasuliwa kutafutwa dhahabu. Ardhi yote ilikuwa mashimo na vifusi. Baba alizunguka na kibuyu akitafuta lango la zizi, akarudi, akazunguka tena. Baba mdogo alikaa chini.

"Mwita, tumefika?"

"Tumefika, mama."

"Basi mpe baba yako."

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Sisi wenye macho tulitazamana. Baba akamimina maziwa pale aliposimama, kwenye ukingo wa shimo, yakateremka kifusini. Bibi akauliza kama ukuta bado ni mrefu. Baba akaitika kwamba ni mrefu. Mpaka anakufa, bibi aliwasimulia wageni jinsi alivyokwenda Kivukoni na kukuta kila kitu mahali pake, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo.

Leo bodaboda inakufikisha kule kabla chai haijapoa. Baba amezeeka, macho yake nayo yameanza ukungu, na juzi aliniambia anataka kwenda Kivukoni. Nilimuuliza anakwenda kutazama nini. Akasema haendi kutazama. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwa kizazi chetu ndiye wa kutangulia, yuko machimboni. Nilipompigia simu alisema Jumapili ijayo. Jana nilipita nyumbani, nikamkuta mama anafukiza kibuyu.