Watu wa Juu

Fundi kufuli alikuwa hodari wa milango ya watu; mambo mengine yote ya dunia alimwachia mkewe, na hakuona haya kulisema hilo. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la vitambaa na chumba cha kupigia picha za pasipoti. Humo alishinda ameinamia jiriwa, tupa mkononi, akisugua funguo. Jioni alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akala alichowekewa, akasikiliza redio, akalala. Mboga hazikukosekana mezani, na zilikotoka hakuwahi kuuliza, kama mtu asivyouliza maji ya bomba yametoka mto gani. Alijua tu kwamba mkewe ana vijimboga vyake huko juu ya paa, maana majirani walimwita Mama Shamba, na kila fundi alipotafuta ndoo ya kuogea aliambiwa imepanda juu.

Binti yao alipojifungua katika mji wa mbali, mkewe alifunga mzigo asubuhi ile ile habari ilipofika. Alitoa maagizo huku anavaa viatu: dawa ya presha iko wapi, gesi ifungwe vipi, shati lipi lisifuliwe na jingine.

"Na usiwasahau watu wa juu," alisema akiwa tayari kwenye ngazi. "Wapate mboga zao, wasije wakadhani nimeondoka nikawatupa."

"Watu wa juu," fundi akarudia. "Sawa, mama. Nenda salama."

Juu yao ilikuwako ghorofa moja tu, ya mwisho, na humo walikaa kinyozi, mkewe, na dada wa huyo mke. Fundi alishangaa kidogo. Hakuwahi kumwona mkewe akikaa na watu hao hata kwa maongezi ya mlangoni. Lakini agizo ni agizo.

Kesho yake akapanda kwenye paa. Mara ya mwisho kufika huko alikwenda kufunga antena, na wakati ule palikuwa na zege tupu na tangi la maji. Sasa alisimama mlangoni asijue aweke wapi mguu. Magunia ya udongo yalipangwa ukuta hadi ukuta, yametobolewa ubavuni, na kila tundu limechomoza mchicha. Kulikuwa na matairi yenye vitunguu, ndoo zilizopasuka zenye pilipili, sinki kuukuu lenye spinachi, na nyanya zilizofungwa kwenye vijiti kwa vipande vya shuka ambayo fundi hakuikumbuka. Alizunguka mara mbili. Mke wangu amefanya haya yote peke yake? Saa ngapi? Akaona fahari, kisha akaona fahari yenyewe haikai vizuri, kama kofia ya mtu mwingine.

Akachuma fungu la mchicha kwenye gunia lililokuwa karibu, akashuka kugonga kwa kinyozi.

"Za nini hizi, mzee?" aliuliza mke wa kinyozi.

"Zenu. Mama kasema msisahauliwe."

Mwanamke akazipokea kwa mikono miwili. Akazitazama mboga, akamtazama fundi, akasema asante kwa sauti ya mtu anayesubiri neno la pili. Neno la pili halikuja. Siku mbili baadaye fundi akarudi na bilinganya.

Wakati huo mvua kubwa zilinyesha huko milimani, ingawa mjini halikudondoka hata tone. Mto ukafurika ukang'oa daraja, na malori ya mboga yakakwama ng'ambo. Sokoni meza zilibaki na mabua yaliyonyauka na wauzaji waliojikunyata nyuma yake, na bei walizotaja zilimfanya mtu aombe arudiwe, pengine hakusikia vizuri.

Jioni moja fundi akakutana na dobi wa ghorofa ya kwanza akishuka ngazi na mchicha kwapani, majani bado yanadondosha maji.

"Shikamoo, mzee," dobi akasema bila kuona soni.

"Marahaba," fundi akajibu, maana mdomo ulishazoea. Alipofika mlangoni kwake ndipo akili ikamfikia. Yule anatoka wapi na mboga? Kesho yake akamwona mama wa mlango wa pili, mshonaji wa mashuka ya hoteli, akishuka na nyanya kwenye pindo la gauni. Naye akasalimia vizuri, akauliza na hali ya mtoto mchanga. Fundi alipigwa na butwaa. Wizi wa mchana kweupe aliwahi kuusikia. Wizi wenye kujuliana hali ulikuwa mgeni kwake.

Akampigia mkewe. Huko alikokuwa mtandao ulikuwa wa kubahatisha.

"Mama, hizi mboga za huku..."

"Zinaendeleaje? Watu wa juu wanapata?"

"Wanapata. Nawapelekea mwenyewe."

"Unawapelekea?" Mkewe akacheka. "Haya, umekuwa mtu mwema. Sasa sikiliza, usije uka..." Simu ikakatika, na hata alipojaribu tena ilimwimbia tu kwamba mteja hapatikani.

Usije ukafanya nini? Fundi alilifikiria hilo kibandani mchana mzima. Usije ukawaachia wezi, labda. Hakuona maana nyingine. Basi akachukua kufuli bora kuliko yote aliyokuwa nayo, lile alilokuwa akiwaonyesha wateja wenye maduka ya simu, akalitia kwenye mlango wa paa.

Alitegemea zogo. Alijiandalia hata maneno ya kusema. Zogo halikuja. Dobi alipanda hadi mlangoni, akaliona kufuli, akashuka polepole na ndoo yake ya maji kama alivyopanda nayo. Mshonaji akaacha kuulizia mtoto. Salamu za kwenye ngazi zikafupishwa, zikabaki "mzee" na kichwa kinachoinamishwa. Fundi alizoea wezi wakikasirika au wakikimbia. Hawa walikuwa kama watu waliofiwa. Kitu hiki kilimtatiza hata akaanza kusugua funguo vibaya. Mteja mmoja alirudisha ufunguo mara tatu.

Mimea nayo ikamgeukia. Alimwagilia alipokumbuka, ndoo moja ya kugawana shamba zima, na bado majani yalilala kama yameambiwa jambo. Wakati wa mkewe nani alikuwa akipandisha maji yote hayo, na mgongo wake ule? Aliendelea kuchuma vilivyosimama na kuwapelekea watu wa juu.

Siku moja mshonaji alimkuta akishuka kutoka kwenye paa na fungu la spinachi. Akasimama pembeni ampishe.

"Kumbe mboga zina wenyewe," alisema.

"Ndiyo," fundi akakubali, akifurahi kwamba angalau mmoja ameelewa. "Zina wenyewe."

Mshonaji alimtazama mpaka fundi akajikagua vifungo vya shati.

Mambo yalifunguka kwa Bibi wa chini, mjane aliyekaa kando ya lango. Ufunguo wake ulivunjikia ndani ya kitasa, na kwa jambo kama hilo hata asiyesema nawe hukuita. Fundi akapiga magoti na kibano chake. Bibi akasimama nyuma yake, kisha akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, kwani tulimkosea nini mkeo?"

Fundi akageuka. "Mlimkosea? Nani?"

"Sisi. Kaondoka bila kuaga, mara kufuli. Kila mtu amejichunguza. Dobi anasema ni yeye, alimtania kuwa nyanya zake chungu. Mimi nikadhani ni mimi."

"Mke wangu kaenda kwa binti yetu. Amejifungua."

"Hilo la mtoto tulilisikia, tukajua ni maneno ya kufunika. Kama si hasira, kufuli la nini?"

"La wezi, bibi."

"Wezi gani?"

"Wanaoshuka na mboga. Dobi, na yule mshonaji."

Bibi akakaa kwenye kigoda. "Dobi aibe mchicha wake? Magunia ya upande wa tangi ni ya dobi. Nyanya ni za mshonaji. Sinki ni langu, nalipenda kuliko watoto wengine. Mkeo ana magunia mawili na matairi ya vitunguu, basi."

"Na yaliyobaki?"

"Ya watu. Kiwanda cha nyuzi kilipofungwa, nyumba hii ilikuwa inalala na chai. Mkeo akapandisha gunia la kwanza, tukamfuata. Dobi hupandisha maji ya suuza ya mwisho, wengine udongo, wengine maganda ya jikoni. Ndio watu wa juu, maana huko ndiko tunakokutana."

Fundi aliyasikia maneno hayo, lakini hayakuingia mara moja. Yalizunguka kichwani yakitafuta mlango.

"Na kinyozi?" akauliza hatimaye.

"Kinyozi hana hata jani. Ndiyo tunajiuliza amekupa nini, sisi tunakula mkate mkavu wiki nzima na daraja halijajengwa, yeye anapelekewa spinachi yangu mlangoni."

Fundi akamaliza kitasa bila kuinua uso. Hakutaka malipo, na Bibi hakumlazimisha. Akapanda ngazi moja kwa moja hadi kwenye paa, akalifungua kufuli, na kwa kuwa hakujua alipeleke wapi, akalitia mfukoni, likamvuta suruali upande mmoja. Kisha akashuka mlango hadi mlango.

"Mbona hukuniambia?" alimuuliza dobi.

"Nikwambie nini, mzee? Wewe ndiye fundi wa kufuli. Nikajua unajua unachofanya."

"Sikujua."

"Hata mimi sikujua," alisema dobi.

Kwa kinyozi ilikuwa ngumu zaidi. Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mkewe aje asikie. "Sisi tulidhani unaposa," alisema. "Mkeo hayupo, nawe unaleta mboga kwa adabu ile. Shemeji yangu alishaanza kujipamba."

Shemeji mwenyewe, aliyekuwa jikoni, alifunga mlango wa jikoni kwa kishindo. Fundi hakujua amwombe radhi kwa kumposa au kwa kutomposa.

Sehemu ya shamba ilikufa, na kwa hilo hakuna aliyemficha hasira. Mshonaji alikaa siku kadhaa bila kumsemesha. Kilichosalia walikigawa kwa uchache, Bibi akisimamia, wenye watoto kwanza, na nyumba ikavuka hivyo hivyo hadi malori yalipoanza kuvuka mto kwa kivuko. Fundi alipewa kazi ya maji pamoja na dobi. Kinyozi naye akaomba gunia, akisema ameshazoea.

Mkewe aliporudi, alipanda juu kabla hata ya kukaa. Akakuta magunia yamehama, machipukizi mahali pa mimea mikubwa, na kinyozi akipalilia.

"Huyu naye tangu lini?" akauliza.

Fundi alianza kueleza. Akaanzia kwenye daraja, akarudi nyuma kwa bilinganya, akamruka shemeji wa kinyozi, akapotea. Mwishowe akauliza yeye swali.

"Miaka yote hii, kwa nini hukuniambia kwamba lile shamba ni la watu wote?"

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Kila siku, baba. Nilikuwa nakueleza nani kapanda nini, nani kavuna nini. Wewe ulikuwa unasugua ufunguo wa mtu hapo mezani, unasema 'mm'."

Fundi alijaribu kukumbuka. Aliikumbuka meza, taa, hata funguo kadhaa alizokuwa akizileta nyumbani, na sauti ya tupa. Sauti ya mkewe aliikumbuka pia, ikiendelea pembeni, lakini neno hata moja halikumjia. Hakuelewa kama anasemwa au amesamehewa, na uso wa mkewe, aliyekuwa tayari ameshika vitunguu vyake, haukumsaidia. Akauliza kama anywe chai kwanza au apandishe maji.

"Maji," mkewe akasema.