Mama Lifti na Kifungu cha Kumi na Nne

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Lifti amesimama juu ya paa la lifti, kati ya ghorofa ya tano na ya sita ya hospitali, anakagua kebo za chuma kwa tochi na vidole. Simu inatetemeka mfukoni mwa ovaroli. Anaiacha. Inatetemeka tena.

"Huyo ni wakala," anasema bila kugeuka. "Anataka saini yangu kabla ya saa sita. Nisiposaini, kesho nisije."

Ana miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka minne sasa wakala mmoja wa ajira ndiye anayemleta hapa, yeye na mafundi wenzake kumi na mmoja waliotawanywa kwenye majengo mengine. Kwenye mkataba anaitwa mtu huru, anayejitegemea: hakatwi kodi na mtu, anajilipia mwenyewe.

Kilemba cha ukoka hicho. Mtu huru gani anayesaini daftari la mahudhurio saa moja kamili, anayevaa ovaroli ya hospitali, anayetumia vifaa vya hospitali, na anayeomba ruhusa kwenda kumzika shangazi yake?

Sasa mamlaka ya kodi imeanza kuuliza swali hilo hilo. Ikiamua kwamba mafundi hawa walikuwa waajiriwa muda wote, itadai kodi ambayo wakala alipaswa kuikata kwenye malipo yao tangu mwanzo, pamoja na faini. Wakala naye hakulala. Ametuma mkataba mpya, na kifungu cha kumi na nne kinasema mzigo huo wote ataubeba fundi.

"Yaani wao wapike, wao wale, halafu sahani nioshe mimi, na ikivunjika nilipe," anasema.

Shemeji yake, karani wa uhasibu, amempigia hesabu: deni linaweza kufika malipo yake ya miezi kumi na sita. Hana pesa hizo. Alicho nacho ni nyumba ya vyumba vitatu iliyobakia kupigwa plasta.

Jana jioni mumewe, fundi cherehani, alimwambia, "Saini tu, mke wangu. Watoto watakula kifungu?"

"Na mimi naogopa," anakiri.

Wakala ana hoja moja anayoipenda. Mkataba unamruhusu fundi kumtuma mwenzake afanye kazi badala yake, na mwajiriwa hana ruhusa hiyo. Basi fundi ni mtu huru. Mwezi uliopita, mtoto wake wa mwisho alipougua, Mama Lifti aliitumia ruhusa hiyo. Alimtuma fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini.

Mlinzi alimrudisha getini. "Jina lako halimo, mzee. Mwambie mama aje mwenyewe."

Nusu saa haikupita, msimamizi wa hospitali akampigia Mama Lifti simu akimfokea kwa utoro. Utoro! Mtu anatorokaje kazi ambayo eti ni yake mwenyewe?

Saa nne na nusu anashuka, anafuta grisi mikononi, anakaa kwenye ngazi na kumpigia afisa wa mikataba wa wakala.

"Dada, mbona unatuchelewesha?" afisa anauliza. "Hiyo ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, kaka, si mkifute hicho kifungu?"

Afisa anageuza maneno.

"Wenzako wanasaini."

"Wangapi?"

"Dada, tusifike huko."

Anamwambia wazi: wamwandike kazini akatwe kodi kama waajiriwa wengine, au kifungu kiondoke. Akishakata simu anairudisha mfukoni mwa ovaroli.

Saa tano na dakika arobaini ujumbe unaingia. Anausoma kimya, kisha kwa sauti. Wakala amekubali kukifuta kifungu, lakini kwake peke yake, na kwa sharti kwamba asimwambie fundi mwingine yeyote.

Nyumba imepona. Anacheka kidogo, kisha macho yanamjaa machozi. Mmoja wa wenzake alimwambia juzi kwamba amesaini asubuhi mapema, tena bila kuvaa miwani, kwa kuogopa kuachwa.

"Nikinyamaza, langu limekwisha na lao linaanza," anasema. "Nitawatazama kwa macho gani?"

Ana mpango. Anataka Jumatatu wote kumi na wawili waende pamoja ofisi ya kazi, waombe kutambuliwa kuwa waajiriwa. "Na mimi nataka nilalamikie makato mwisho wa mwezi kama watu," anatania, lakini uso haucheki. Anajua kwamba akivunja sharti, wakala anaweza kukirudisha kifungu, au kumfungia geti kabisa. Amempigia mumewe mara mbili, hapokei.

Zimebaki dakika nane kufika saa sita. Anafungua kundi la mafundi kwenye simu, anaubandika ujumbe wa wakala kama ulivyo, na chini yake anaandika kwa kidole chenye grisi: "Someni kifungu cha kumi na nne. Ambaye hajasaini, asisaini. Aliyesaini, tunakwenda naye."

Anavuta pumzi, anabonyeza kutuma.