Wifi Yangu na Visahani vya Bustanini

Mimi na wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, tulitaniana miaka mingi bila kuchoka. Nikiletewa chai kwake, nilikuwa nachungulia kikombe kwanza, kisha namwuliza kama yale ni maji aliyooshea mchele. Naye hujibu kwamba chai nzito hurefusha mdomo, na wangu umeshatosha. Kaka akitusikia, anaongeza sauti ya redio.

Kaka alipofariki, wifi alikaa eda. Sikumtania, kila jambo na wakati wake. Lakini eda ilikwisha, miezi ikapita, na kila nikimchokoza ananijibu vilevile: "Sawa, wifi." Siku moja nikamwambia maandazi yake yanafaa kujengea msingi wa nyumba. "Sawa, wifi." Nilitoka pale nimeogopa kweli. Wifi asiyejibu ni mgonjwa, na ugonjwa ule hauna kidonge. Kaka nimeshamzika, sikuwa tayari kumpoteza na huyu, naye angali anapumua.

Basi nikampeleka bustanini, kwenye mchezo wa visahani. Daktari alinitaka nitembee kwa ajili ya sukari, na kutembea bila shughuli kunaniudhi, ndiyo nikajifunza mchezo huo. Unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilikoangukia, unarusha tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma kilichosimamishwa juu ya mlingoti, chenye minyororo ya kukizuia kisipitilize. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Uwanja wetu ni mfupi, wa wanaoanza: vikapu sita tu, na ukiwa kwenye kimoja unakiona kinachofuata. Hata mtoto wa chekechea anaumaliza. Mimi huumaliza nikihema, ila hilo sikumwambia.

Visahani tuliazima kwenye kibanda cha getini. Wifi alikuja na buibui lake na mkoba kwapani, akakataa kuuweka chini. Mtupo wake wa kwanza, kisahani kilinasa kwenye mkono wa buibui, kikamwangukia mguuni.

"Hongera," nikamwambia. "Mguu umeupata barabara."

"Sawa, wifi."

Kwenye kikapu cha pili alirusha kama mtu anayemwaga maji ya vyombo uani. Nikamwambia hivyohivyo. "Sawa, wifi." Tulipofika cha tatu utani uliniishia, jambo ambalo si kawaida yangu. Nikaona labda namsumbua bure mwanamke wa watu, amekuja kwa adabu tu, na mimi najifanya tabibu. Nikaazimia tumalize cha nne nimrudishe nyumbani.

Cha nne ni rahisi kuliko vyote, hapo karibu na uzio. Hapo angalau nilitaka aone ufundi. Nikampanga pembeni, nikamweleza habari za kiwiko, habari za upepo, habari za kutulia kabla ya kuachia. Maneno mengi. Kisha nikarusha. Kisahani kikapanda vizuri, kikabadili mawazo hewani, kikaruka uzio na kutua kwenye beseni la mama aliyekuwa akiuza machungwa nje. Mama akakiinua, akakigeuza, akauliza kama nataka kubadilishana.

Nikamgeukia wifi. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Marehemu alinambia," akasema, "ukoo wenu mzima hamna shabaha. Mmoja tu ndiye aliyejua kulenga, akanipata miye."

Tangu tumzike hakuwahi kumtaja. Yeye akaanza kucheka, kicheko kile chake cha zamani cha kuinamia magoti, mpaka akakaa kwenye nyasi na buibui lake zuri. Nikakaa na mimi, nikacheka, na katikati ya kucheka nikagundua nalia. Kaka yangu nilimpenda sana, na nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa mchekeshaji. Wifi naye machozi yakamtoka, na bado anacheka, tumeshikana mabega kama walevi.

Mama wa machungwa akasogea mpaka kwenye uzio, kisahani mkononi, uso umembadilika.

"Poleni jamani," akasema. "Kwani nani kafa?"

"Mume wangu," wifi akamjibu, akapasuka tena kwa kicheko.