Jina la Asia chini ya picha

Saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa tamasha Kibondo, Asia anatundika picha ya mwisho. Mumewe, Nurudini, amebaki Kasulu na homa. Amemwambia atangulie na mzigo, yeye atafuata na basi la mchana. Simu inaita. Ni shemeji yake. Asia anasikiliza, anakata, anaanza kushusha picha moja moja. Mteja mwenye pesa mkononi anauliza kama wanafunga.

"Nilimpa picha, nikasahau kupokea pesa," anasema leo, miaka mitatu baadaye.

Kwa miaka kumi na miwili waligawana kazi. Nurudini alichora ng'ombe wenye pembe ndefu na mashamba ya milimani. Asia alipaka kitambaa cha amerikani rangi nyeupe, akagongelea fremu, akauza. Siku nzuri waliuza picha nane. Siku mbaya mvua iliwahi kabla ya turubai, wakarudi na mzigo uliovimba.

Nurudini alifariki akaacha picha kumi na tisa. Mwaka haukuisha, zikaisha zenyewe, na mtoto wao Saady ndiyo kwanza anaingia kidato cha kwanza. Asia akashika brashi. Hakuwa mgeni nayo. Siku zote ndiye aliyemjazia mumewe anga na nyasi.

Lakini wateja walimtaka Nurudini.

"Firdausi, jirani yangu anayeuza vikapu, akaniambia, 'Wewe andika jina la marehemu. Kwani atakuja kukudai?' Nikaandika."

Mbili zikauzwa hivyo. Kwenye tamasha lililofuata, Kasulu, akaja Habonimana, mfugaji wa Makere na mteja wao wa siku nyingi. Akaikodolea macho picha ya mwanamke aliyechuchumaa akikamua ng'ombe.

"Mama Saady, hii kachora nani?"

"Si unaona jina?"

"Jina naliona. Nurudini alikuwa anakuja kwangu, anashinda zizini anachora. Alijua kwetu mwanamke hakamui. Huyu wako anasubiri teke tu."

Meza za jirani zikaangua kicheko. Asia ni mtoto wa mjini, binti wa muuza duka. Miaka yote hiyo mumewe alikwenda zizini, yeye akabaki na biashara.

"Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia, ni mimi. Akasema, 'Ungesema tangu mwanzo. Jumanne njoo uone, uache kutuchorea uongo.'"

Jumanne akapanda bodaboda hadi Makere. Alimwona Habonimana akikamua, na mkewe, Esteri, akipokea maziwa na kuyamimina kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi.

"Mumeo alikaa hapo hapo," Esteri akamwambia. "Ila yeye hakuwa na maswali mengi hivi."

Aliporudi nyumbani, Asia alichukua picha zote zilizobaki alizochora yeye na kuzitia jina la mumewe. Akalifuta jina kwa rangi ya nyasi, akaandika lake. Wale wawili waliokwisha kununua akawapigia simu. Mmoja alirudisha picha na kudai pesa yake. Mwingine alisema ameshaizoea ukutani.

Bei ikashuka kutoka elfu arobaini hadi ishirini na tano. Matamasha mawili aliuza picha moja tu, na upepo ukamvunjia fremu tatu. La tatu aliuza tano. Mojawapo ni ya Esteri na kibuyu chake, na aliyeinunua ni Habonimana.

"Alinibana bei kama hanijui," Asia anasema, akicheka. "Lakini aliibeba mwenyewe mpaka kwenye pikipiki."

Sasa kila Jumanne yuko zizini kwa mtu, Makere au Nyakitonto, na daftari la kuchorea. Anatafuta chumba cha kupanga karibu na soko la Kasulu, ili mvua isimpangie siku za kuuza.

"Nurudini akumbukwe kwa alizochora yeye," anasema. "Zangu zinitafutie watu wangu."

Kuanzia mwezi ujao, picha yenye jina la Asia itauzwa elfu thelathini.