Sakafu ya Farasi

Kanisa letu la Tottenham lilikuwa ghorofani, mahali walipolala farasi. Watu wakisikia hivyo hudhani natania, basi mimi huwaeleza taratibu. Zamani mizigo ya London ilivutwa na farasi, na nafasi ya mjini ilikuwa haba kama ilivyo leo. Wafanyabiashara wakajenga mazizi ya ghorofa: chini waliegesha mikokoteni, juu wakalaza wanyama, na darini wakahifadhi nyasi kavu. Farasi hapandi ngazi, kwa hiyo walimjengea mteremko wa matofali magumu, na kila baada ya hatua moja safu ya matofali ikainuliwa kidogo ili kwato zisiteleze. Sakafu ya juu ilikuwa na mifereji myembamba ya kupitisha mkojo. Ukutani palikuwa na pete za chuma za kufungia kamba. Ukishayajua hayo matatu, nawe utaweza kulitambua zizi, hata likiwa limegeuzwa ofisi au mkahawa.

Mimi niliyajua. Bukavu nilikuwa nafundisha uashi. Hapa nasafisha ofisi. Tulipopanga ghorofa ile, baada ya miaka ya kuabudu katika kumbi za watu, kila mtu alinigeukia mimi.

“Papa fundi,” kiongozi wa kwaya aliniambia siku ya kwanza, ameshika pua ingawa harufu ilikuwa imekwisha zamani, “kweli Yesu tumwabudu katika zizi?”

“Mama, si alizaliwa humo?”

“Alizaliwa, ndiyo. Lakini hakukaa!”

Tulicheka sana. Kisha tukaitisha salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kama tulivyozoea kwetu. Watu wa Kongo wakiitwa salongo hawaulizi mengi. Wanakuja na ndoo na uji wa kutosha. Visigino vya wamama vilinasa kwenye mteremko na vigari vya watoto viliruka, kwa hiyo nilizipiga patasi zile safu zilizoinuka mpaka zikalingana na nyingine. Nilizikata pete, maana watoto walikuwa wakining'inia kwazo. Mifereji tuliijaza saruji, nami nikailainisha kwa mkono wangu. Kwetu, mahali pa kumpokea mgeni mkubwa hapaachwi na alama ya mifugo. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile.

Mwaka jana mwenye jengo alitujulisha kwamba atalibomoa ajenge fleti. Nikaulizia, nikasoma, nikagundua kwamba palikuwa na njia moja tu ya kumzuia: jengo liingizwe katika orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa na sheria. Niliwaeleza waumini wote njia hiyo, hatua kwa hatua, mpaka bibi zetu wakawa wanaielewa kuliko mimi. Nikajaza fomu. Nikawatia moyo. Nilipokuwa najaza fomu ile niliyaona macho yangu yakiruka mstari uliouliza ni vitu gani vya asili vilivyobaki. Niliandika jinsi zizi linavyofanya kazi, si jinsi letu lilivyo sasa.

Mkaguzi alikuja Jumanne asubuhi, mama wa makamo, mpole, mwenye tochi na viatu vya matope. Nilimpandisha mteremko huku nikimweleza habari za kwato. Akainama, akapapasa matofali.

“Umeeleza vizuri kuliko wengi,” alisema. “Lakini safu za kuzuia kuteleza ziko wapi?”

“Zilikuwa hapa.”

“Na mifereji?”

“Chini ya saruji.”

“Saruji inaweza kubanduliwa?”

Fundi hawezi kumdanganya mtu aliyepiga magoti sakafuni. Nilimwambia kwamba kabla ya kumwaga saruji tulichimbua kingo za mifereji ili ishike vizuri. Hata ikibanduliwa, hakuna mfereji uliobaki chini yake. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaandika maneno machache, akanishukuru kwa chai.

Barua ya majibu ilifika baada ya wiki kadhaa. Ombi limekataliwa. Jumapili mchungaji aliniita mbele niisome na kuitafsiri, kwa kuwa mimi ndiye ninayeelewesha watu. Nilitafsiri kila aya polepole, pamoja na tarehe ya kuhama. Ilikuwepo sentensi moja katikati: kwamba jengo lingestahili kulindwa, kama vipengele vyake vya asili visingeondolewa na wapangaji wa sasa. Nilifika pale. Nikaona nyuso mia moja zikinisubiri. Nikageuza ukurasa bila kuisoma.

Kanisa likalia. Mchungaji akaomba dhidi ya wanaobomoa nyumba za Mungu, na watu wakaitika kwa sauti ya kutetemesha madirisha. Kiongozi wa kwaya alikuja akanikumbatia mbele ya wote.

“Usilie, papa fundi. Wewe ulifanya yote. Hawa watu wa hapa hawatutaki tu.”

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Nimewaeleza watu mambo magumu kuliko hilo maisha yangu yote.

“Ndiyo, mama,” nilisema. “Hawatutaki.”

Akawageukia wengine na kuwarudishia maneno yangu, na nikawasikia wakiyapokezana kutoka safu moja hadi nyingine, mpaka mlangoni.